Kioo Kisichoitika

Émerance Nkandu ana neno moja analolipenda kuliko mengine yote, nalo ni kuitika. Amelirithi kwa baba yake, Symphorien, aliyekuwa fundi wa mabehewa katika karakana za reli hapa Lubumbashi. Kazi ya mzee huyo ilikuwa kutembea kando ya treni akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga magurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima lililia. Lenye ufa lilitoa mlio mfupi kama sufuria iliyotoboka, kisha kimya. Jioni, akila bukari, ugali wa kwetu, huku bado ananuka mafuta mazito, aliwaambia watoto wake: leo mia mbili yameitika, moja limekataa.

Émerance alipofuka akiwa na miaka tisa. Alikuwa amepelekwa Mitwaba kwa bibi yake wakati wa likizo, akashikwa na surua, na barabara ya kurudi mjini ilikuwa imekatwa na mvua. Waliporudi, daktari hakuwa na la kufanya. Jumamosi moja baba yake alimpeleka karakana, akaweka kiganja cha mtoto juu ya gurudumu la baridi, akaligonga.

"Umesikia?"

"Nimesikia na mukono."

"Basi njo vile. Kazi mingi ya hii dunia haiombe macho."

Mama yake amenisimulia kwamba mzee alirudi nyumbani siku hiyo akalia nyuma ya choo mpaka giza. Lakini Émerance hakujua. Alichobaki nacho ni lile gurudumu. Ndiyo maana, ukifanya kazi naye, utajifunza haraka kanuni yake: ukimwita, anaitika mara moja, hata akiwa na hasira nawe, na yeye akikuita, itika. Usitikise kichwa. Usitabasamu tu. Itika.

Nimekaa meza ya jirani naye kwa miaka kumi na sita, katika kampuni ya Papa Muhindo, mfanyabiashara wa Beni aliyehamia huku na sasa anauza kwa jumla na kusafirisha: unga, samaki wa barafu, sabuni, saruji. Mimi natengeneza hati za forodha. Émerance alikuwa kwenye mtambo wa simu. Nasema alikuwa, kwa sababu mtambo ule haupo tena, na namna ulivyoondoka ndiyo inayonifanya niandike.

Ulikuwa mtambo wa kijivu, mzito, wenye vitufe arobaini na vinane. Kila dereva alikuwa na kitufe chake, kila ghala, kila wakala wetu wa mpakani. Émerance alivijua kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Kitufe cha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilichotumika kuliko vyote, alikibandikia punje ya mchele kwa rangi ya kucha. Vingine alivikwaruza kwa tupa. Ukibonyeza kitufe kile, kilizama, kikapiga *tak* chini ya kidole, ukajua amri yako imepokelewa. Mkono wa kushoto ulishika laini moja huku wa kulia ukiunganisha nyingine, na kinywa kilikuwa huru kugombana na madereva. Walimwita Mama Santrali, mama wa mtambo wa simu. Wengi hawakujua kuwa haoni. Stanislas, dereva wetu wa siku nyingi, aliendesha miaka mitano kabla ya kuingia biro, yaani ofisini kwetu, siku moja na kumkuta na fimbo yake nyeupe. Alisimama mlangoni akasema, "Kumbe njo weye unanionaka hata nikilala njiani!" Wakacheka wote wawili.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, watu wanne waliingia wamebeba meza ya kioo.

Sikatai kwamba ilikuwa nzuri. Uso wake mzima ulikuwa kioo cheusi, na ukiiwasha, ramani ya barabara zetu zote ilijitokeza, malori yakitambaa juu yake kama chawa wa rangi. Pembeni kulikuwa na safu za miraba, kila mraba jina la mtu. Gusa mraba mara moja, simu inapigwa. Bonyeza bila kuachia, mpigaji anasubiri. Vuta kwa vidole viwili kuelekea kulia, unamhamishia mtu mwingine. Vuta kuelekea kushoto, umemkatia. Papa Muhindo aliizunguka meza yake akijipiga tumbo kwa furaha. Aliyeileta alikuwa Caleb, fundi wa mitambo, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa, sauti ya upole.

"Mama Émerance, karibu," alimwambia. "Hii iko na akili kupita ile ya zamani. Gusa."

Émerance aliweka vidole vyake kumi juu ya kioo. Simu tatu zilianza kulia mara moja, moja ghalani, moja kwa dereva aliyekuwa njiani, moja nyumbani kwa Papa Muhindo mwenyewe kule mtaa wa Golf, ambako mkewe alipokea na kuuliza kwa sauti kubwa nani amekufa.

Watu walicheka. Émerance aliondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Ukingo iko wapi?" aliuliza.

"Ukingo ya nini, mama?"

"Ya kitufe. Moja inaishia wapi, ingine inaanza wapi?"

"Haina kitufe, mama. Yote iko kioo."

"Na nikigusa, itaniambia namna gani kama nimegusa?"

Caleb alifikiri kidogo. "Rangi inabadilika," akasema.

Nilimtazama Caleb nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesema jambo la kweli, kwa adabu, kwa mwanamke kipofu, na alikuwa tayari anaangalia waya zake.

Wiki ile nilijifunza kwamba hasira inaweza kukaa chumbani kama moshi wa makaa, usione unakotoka ila macho yanawasha. Mtambo wa kijivu uling'olewa siku hiyohiyo na kutupwa ghalani nyuma ya mifuko ya saruji. Caleb alifungulia sauti ya kusoma, mwanamke wa mashine aliyetamka kila jina kwa Kifaransa cha puani. Kwa mtu asiyefanya kazi ya simu, hilo ni jawabu. Lakini sikio la Émerance lilikuwa na kazi tayari. Stanislas alikuwa anapiga kelele "Santrali, wananiomba namba ya hati!" na ndani ya sikio lilelile mashine ilikuwa ikisema *camion quatorze, camion quatorze*, lori namba kumi na nne. Huwezi kusikiliza watu wawili, hasa mmoja akiwa si mtu. Aliizima.

Siku ya nne alileta punje za mchele na chupa ya rangi ya kucha. Alinikalisha hapo nimwongoze, akabandika punje kwenye mraba wa Kasumbalesa, kwenye wa ghala, kwenye wangu. Kwa saa mbili alifanya kazi karibu kama zamani. Kisha ukurasa wa kioo ukajisogeza wenyewe, kama ulivyotengenezwa, na punje ya Kasumbalesa ikawa juu ya mtu mwingine kabisa. Asubuhi iliyofuata tulikuta punje zote zimekwanguliwa kwa wembe. Caleb alikuwa amepita mapema.

"Zinaharibu kioo, mama," alisema.

"Na kioo inaharibu nani?"

Caleb aliinamia waya zake. Émerance aligeuza uso kuelekea alikosimama. "Caleb, nimekuuliza. Itika."

"Niko apa, mama."

"Hapana. Uko apo. Kuitika ni kingine."

Siku ya tano ndiyo iliyotuangusha. Stanislas alikuwa Kasumbalesa na lori la samaki wa barafu, siku ya tatu kwenye foleni, na hatimaye zamu yake imefika. Afisa wa forodha alitaka namba moja kutoka kwenye hati niliyokuwa nayo mezani. Jambo la nusu dakika. Émerance alibonyeza, akasubiri, akavuta kwa vidole viwili. Laini ikakatika. Stanislas akapiga tena. Émerance akavuta tena, taratibu zaidi. Ikakatika. Nilikuwa namwona: vidole vyake vilikuwa vinaanza kuvuta kabla kioo hakijamshika mpigaji, kwa sababu hakuna kitu kilichomwambia kwamba sasa ameshikwa. Ukivuta kabla hajashikwa, laini hukatika; mwenye macho anaona duara dogo la buluu likijaa, anajua wakati umefika. Mara ya tatu nilinyanyuka nikainama juu ya kioo na hati mkononi niisome namba mwenyewe, lakini laini iliposhika Stanislas alikuwa ametolewa kwenye mstari. Aliwekwa nyuma ya malori yote. Siku mbili nyingine, na jua la Kasumbalesa, na samaki.

Papa Muhindo alishuka ngazi akiwa na harufu ya habari hiyo puani. Si mtu mbaya. Anafahamu majina ya watoto wetu, na mama yake Émerance alipougua alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Mama Émerance, nakuheshimu sana. Lakini kazi njo kazi. Jumamosi ya wiki ijayo nitakaa hapa, nitakuangalia. Kama unaweza, unaweza. Kama hapana, nitakuweka pale mulangoni upokee wageni. Mushahara itabaki. Hata kuchoka hautachoka."

"Nitapokea wageni namna gani, Patron?"

"Utawaambia karibu."

"Na kiisha?"

"Kiisha bataingia."

Kuna matusi yanayosemwa kwa mdomo mchafu, na mengine husemwa kwa sauti laini na mkono begani. Kwa Émerance haya ya pili ndiyo yalikuwa mazito. Hakuwa anaogopa njaa. Alikuwa anaogopa kuwekwa mlangoni kama mtungi wa maua, aseme karibu, na watu wapite. Alisubiri mpaka hatua za Patron ziishe juu ya ngazi, kisha akapiga ngumi kwenye kioo. Ngumi kamili, ya binti wa mgonga magurudumu. Simu nne zililia mahali fulani duniani. Kioo hakikutoa hata mlio.

"Unaona?" aliniambia, akihema. "Hata nikikipiga hakiitike. Hata mbwa ukimupiga atalia."

Wiki ya pili alikuja mapema kila siku kufanya mazoezi. Aligusa, aliteleza, alikosea. Dada yake Hortense, anayekaa naye Katuba, alimwambia aende kwa Patron akamwombe kwa unyenyekevu amrudishie mtambo wa zamani. "Unyenyekevu nilitoa kwa Mungu," alimjibu, "haikubakia ya Muhindo." Alikuwa amekonda. Alikuwa mkali kwa kila mtu, pamoja nami. Nilipomsogezea kikombe cha chai bila kusema, alikisukuma kikamwagika juu ya hati zangu.

Ijumaa saa tisa, siku ya kumi na moja ya kazi tangu kioo kije, simu yake ya mkononi ilianguka chini ya meza. Ni simu ya bei nafuu ya kioo, aliyopewa na Hortense. Niliiokota, nikaigusa kidogo bila kukusudia nikiwa namrudishia, na ikatetemeka mkononi mwangu, kitetemeko kifupi kama cha panzi aliyefungwa ngumini.

"Hii yako inatetemeka," nilisema.

"Kila mara. Nikigusa herufi, inaitika. Njo namna naandikia." Kisha uso wake ukabadilika. Nilimwona akifika mahali nilipokuwa bado natembea kuelekea. "Claudine," aliniita. "Hii kidude imenunuliwa sokoni, kwenye meza ya mubibi muuza sabuni, na inaitika. Ile meza imebebwa na banaume bane. Juu ya nini imekufa?"

"Caleb alisema haina."

"Caleb hakusema haina. Sikumwuliza. Hakuna aliyemwuliza." Alivuta kiti. "Fungua mahali ambapo banatengenezaka mambo yake. Nisomee neno kwa neno. Usiruke hata moja."

Nilifungua sehemu ya mipangilio na kuanza kusoma. Ilikuwa yote kwa Kifaransa. Luminosité: mwangaza. Langue. Volume. Mise en veille. Nilisoma kama katekista anavyosoma majina ya marehemu. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Ukurasa wa tatu nilisoma: "Retour haptique: désactivé." Nikaendelea, "Synchronisation..."

"Simama. Rudi."

"Retour haptique. Kimezimwa."

"Haptique," alisema polepole.

Lazima nikiri: nimesoma chuo, nina shahada yangu ukutani, na neno lile sikulijua. Nilidhani ni jina la mtengenezaji. Émerance alilijua tangu utotoni.

"Kule shule ya bipofu, masœur, mutawa wetu, alitufundishaka," alisema. "Kuna optique: kazi ya macho. Na kuna haptique: kazi ya mukono. Alikuwa anatuambia, bakisema hamuone, mubajibu: tunaona haptique. Tulikuwa tunaliimba kabisa lile neno." Akanishika bega. "Claudine, hiyo njo kuitika. Imeandikwa hapo. Iko ndani. Muntu amekifunga kinywa."

Nikabonyeza kukiwasha. Kioo kikaniomba namba ya siri ya fundi.

Jumamosi asubuhi Papa Muhindo alishuka kutazama, kama alivyoahidi, amevaa suti ya kwenda arusi baadaye. Caleb alikuwepo pia, ameitwa na mimi. Émerance hakukaa mbele ya kioo. Alisimama katikati ya biro, fimbo yake mbele, mikono miwili juu ya fimbo.

"Patron, kabla sijapimwa na mutihani, nina neno. Nani alifunga retour haptique?"

Papa Muhindo hakusita hata kidogo. "Ni mimi."

Nilitazamia kila kitu isipokuwa hilo.

"Weye, Patron?"

"Mimi mwenyewe! Caleb aliniletea karatasi ya bintu byote bya ile mashine, nichague ya kufungua na ya kufunga. Nikaona retour." Alinyanyua kidole kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto angelijua. "Retour ya kamyo iko kazi ya Ézéchiel. Mudogo wangu, damu yangu. Miaka yote anakaa Kasumbalesa, anaandika kwa daftari yake: kamyo fulani iko retour, kamyo fulani iko bado. Nitaleta mashine imunyanganye kazi? Nikakata. Nilikata na bic nyekundu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika kampuni yetu, neno retour husemwa mara mia kwa siku. Kamyo iko retour. Nipe retour ya leo. Retour ya Stanislas imefika? Hakuna mtu wa kazi yetu ambaye angelisoma neno hilo akafikiria kitu kingine zaidi ya lori linalorudi na mzigo kutoka mpakani. Kama ningepewa mimi ile karatasi, huenda ningelikata pia. Aliogopa ndugu yake asinyang'anywe kazi na mashine, na kwa kalamu hiyohiyo akamnyang'anya Émerance yake.

"Patron," Émerance alisema, "na ile neno ya pili? Haptique?"

"Nilifikiri ni marque. Kama vile Mercedes."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha Papa Muhindo mwenyewe akaanza kutabasamu bila kujua kwa nini. Émerance hakutabasamu. Alimweleza kwa sentensi mbili, kama anavyomweleza dereva mgeni njia. Tabasamu lilishuka kwenye uso wa Patron kama pazia lililokatika kamba.

"Eh," alisema. "Eh, mama. Sikujua."

"Najua haukujua, Patron." Kisha akageuza kichwa, taratibu, kuelekea dirishani, ambako viatu vya Caleb vilikuwa vimesogea. "Caleb."

"Niko, mama."

"Weye ulijua?"

Nje, walikuwa wanapakua sabuni. Tulisikia katoni zikidondoka.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Aliponirudishia karatasi niliona hakuelewa. Lakini Patron alikuwa amekata. Na bic nyekundu. Mie niko nani ya kumwambia Patron hajui Kifaransa?"

"Ulikwangua muchele yangu na wembe."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unajua, na ulikwangua."

Caleb alisema jambo kuhusu dhamana ya kioo. Sikumsikiliza. Nimemsamehe Papa Muhindo kosa lake. Lilikuwa kosa la mtu anayesoma dunia kwa neno analolijua. Lakini siku kumi na moja mtu alisimama umbali wa hatua tatu na mwanamke anayepapasa kioo, akijua kwamba dawa ni namba ya tarakimu nne iliyo kichwani mwake, na akanyamaza ili asimwaibishe mkubwa. Tumelelewa kuita jambo hilo heshima. Mimi pia nimelelewa hivyo. Nimenyamaza mara ngapi mbele ya Patron, mbele ya padri, mbele ya mume wangu, nikajipongeza kwa adabu yangu? Sijui nani alilipia.

"Fungua," Papa Muhindo alimwambia Caleb, kwa sauti ambayo hatukuizoea.

Caleb aliinama, akaandika namba yake, akagusa mara moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Émerance alikaa. Alifuta viganja kwenye sketi, akaweka kidole kimoja tu, kile cha shahada, kwenye pembe ya kioo, na kukivuta pole. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nami nikahisi: kila alipovuka kutoka mraba hadi mraba, kioo kilitoa mshtuko mdogo, kama kidole kinavyovuka ufa kati ya vigae. Alihesabu kwa midomo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alifika kwa Kasumbalesa akabonyeza. Kioo kikapiga chini ya kidole chake, dhahiri, *tak*. Alibonyeza bila kuachia: mapigo mawili, ameshikwa. Alivuta kwa vidole viwili: mtetemeko mrefu uliokimbia naye mpaka mwisho, kama gari linalopita juu ya daraja la mbao.

Ézéchiel alipokea kule mpakani. "Santrali! Mama, ni weye? Tulisikia umewekwa mulangoni."

"Bado niko ndani. Usikate. Nakupa kaka yako."

Simu ya mfukoni mwa Papa Muhindo ililia, ndani ya suti yake ya arusi, hatua nne kutoka hapo. Alipokea. Ndugu wawili wakaongea, na Patron, akiwa na macho mekundu kidogo, akamwambia mdogo wake habari ya retour, na tukamsikia Ézéchiel akicheka kule Kasumbalesa mpaka akakohoa. Basi biro nzima ikacheka. Hadithi hiyo imeshazunguka maghala yote. Madereva wanaisimulia kwenye foleni. Papa Muhindo mwenyewe huisimulia vizuri kuliko wote, na kila mara anafikia "kama vile Mercedes" akijipiga paja.

"Mama, cheka basi," alimwambia siku ile. "Imekwisha."

"Kwako imekwisha, Patron. Kuanzia leo, karatasi yoyote ya hii meza isomwe mbele yangu kwa sauti kabla haijakatwa. Hapo nitakuja kucheka."

Akakubali. Hakuwa na namna.

Kwa hiyo Émerance bado yuko kwenye simu, na ni mzuri kama zamani, pengine zaidi. Madereva hawajui tofauti. Meza ya kioo ameizoea, ingawa hajaipenda. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, inakufa yote, na yeye hukaa na mikono mapajani akiilaani kwa Kibemba. Mtambo wa kijivu bado uko ghalani. Nimemwona akienda kuugusa.

Caleb huja mara moja kila mwezi kukagua mashine. Anaingia na shati lake lililonyooshwa, anasimama mbele yake na kusema, "Jambo, Mama Émerance." Naye, mwanamke ambaye katika miaka kumi na sita sijawahi kumwona akiacha mtu bila jibu, hata walevi wanaokosea namba, haitiki. Anaendelea na kazi. Vidole vinatembea juu ya kioo, kioo kinajibu vidole, na Caleb anabaki amesimama na salamu yake mdomoni, haijui iende wapi. Kwetu hakuna kitu kibaya kama hicho. Ni afadhali utukanwe.

Mara ya tatu ilipotokea, niliona haya kwa niaba yake. Nilimwambia ni Mkristo, ajaribu kusamehe.

"Nitasamehe," alisema. "Siku kumi na moja niligusa, na haikuitika. Yeye aniite mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nitaitika."

"Anakuja mara moja kwa mwezi, Émerance. Hiyo ni mwaka mzima."

"Najua kuhesabu," alisema, akapokea simu.

Jana Caleb alikuja. Ilikuwa mara ya saba.